Dole Gumba la Mama Miche

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Miche alikuwa ameshajaza viriba sitini vya kuoteshea miche kitaluni kwake. Anakandamiza udongo kwa dole gumba la kulia, anatia mbegu ya nyanya, anafukia, anahamia cha pili. Ni kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, mkono ulikuwa unajua wenyewe. Kwenye kiriba cha sitini na moja akasita. Udongo mbichi, ambao siku zote ulibaki na chapa ya kidole chake, ulikuwa laini kana kwamba umekandamizwa kwa mgongo wa kijiko.

Alisuuza kidole kwenye ndoo, akakifuta kwa upindo wa nguo, akakiinua juani. Mistari haikuwepo. Hata kovu la chupa, lililokikata katikati wiki ile ya kwanza walipokuwa wanasafisha kiwanja, halikuwepo. Hakupiga kelele, maana kelele zingemleta mumewe, naye hakutaka mumewe aje kabla hajajua anaogopa nini.

Alivuka barabara kwenda nyumbani. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa barazani anakunywa chai. Hakuwa mtu wa ngumi wala matusi. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliokuwa unafunga mazungumzo. Jambo akishaliamua, alilitangaza kwa sauti ya kukuuliza kama umelala salama.

"Mzee, tazama kidole changu."

Akakitazama. "Udongo huo. Umekila."

"Jana asubuhi kilikuwa kizima."

"Mama, usilikuze jambo. Unavyo vingine tisa." Akaipuliza chai yake. Ukucha wake mmoja ulikuwa na doa la wino wa buluu.

Kiwanja cha kitalu walikinunua pamoja, kikiwa jalala. Mama Miche ndiye aliyeokota chupa na vyuma, akachimba kisima, akasomba udongo mzuri kwa toroli hadi mgongo ukapinda. Siku ya kuandikisha hati alibaki nyumbani ananyonyesha. Mumewe aliporudi alisema jina moja linatosha, kwani wao si kitu kimoja? Siku ile maneno hayo aliyaona matamu.

Saa tano akaja mpima ardhi na kamba yake na vigingi. Kigingi cha kwanza akakichomeka katikati ya tuta la kabichi.

"Baba, umepotea njia," Mama Miche alimwambia.

"Sijapotea, mama. Mwenye kiwanja mpya anataka uzio kabla wiki haijaisha."

Akamwonyesha nakala ya mkataba wa mauzo. Juu palikuwa na jina la mumewe. Chini, palipoandikwa Ridhaa ya Mke, palikuwa na alama ya dole gumba, ya buluu, yenye kovu katikati.

"Hili ni langu."

"Ndiyo maana limekubaliwa," mpima akasema, akachomeka kigingi cha pili.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na foleni fupi. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alimkaribisha kiti na kumsikiliza bila kumkatiza.

"Dole lako lilikuja jana saa nane mchana," karani akasema. "Mumeo alilileta ndani ya boksi la kiberiti. Lilitoka lenyewe, likapanda kwenye wino, likaenda kukaa panapotakiwa. Wala halikuchafua karatasi. Wewe ulikuwa wapi saa hizo?"

"Nilikuwa nimelala. Yeye ndiye aliyeniambia nimechoka, nipumzike."

"Basi ndiyo hivyo."

"Lakini mimi sikuja!"

"Hukutakiwa. Wanachotaka hapa ni ridhaa ya mke, mama. Mke mwenyewe hawajamtaja."

"Najua kusoma na kuandika. Mngeniita ningesema sitaki."

"Tungekuita vipi, na dole lako lilikuwa mezani?"

Karani akavuta droo ya chini. Ndani mlikuwa na mchakacho, kama wa mende wengi kwenye boksi. Akaigonga droo kwa rula, pakatulia. Alitoa faili, akalifungua. Mama Miche akainyooshea kidole alama yake. Alama ikajikunja, ikarudi nyuma taratibu juu ya karatasi, ikajibanza chini ya mhuri.

"Zikishakaa humu zinakuwa hivyo," karani akasema kwa huruma. "Usijisikie vibaya. Si wewe peke yako."

Akampa fomu ya pingamizi. Ilitaka dole gumba la kulia. Mama Miche alichovya, akagonga. Likatoka doa tupu. Karani aliigeuza fomu huku na huku kwenye mwanga, akamrudishia.

"Hili halina mtu," akasema. "Anayefuata."

Njiani dole la kushoto likaanza kumwasha, mwasho wa siafu anayetafuta pa kutokea. Alipolitazama, mstari wa nje ulikuwa umeshainuka kama uzi uliofumuka kwenye pindo. Akalifumbata. Ndipo akakumbuka nyumba. Hati ya nyumba nayo ilikuwa na jina moja. Akakimbia, yeye na miaka yake hamsini na miwili, ngumi kifuani, na alipofika viatu vya mumewe vya kwendea mjini havikuwepo mlangoni.

Akakata kona kwenda kwa mama yake mzazi, nyumba ya tatu. Bibi alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza, akaweka ungo chini, akakunjua mikono yake miwili. Vidole vyote kumi vilikuwa laini, havina hata mstari.

"Wewe umekaa navyo sana," bibi akasema. "Vyangu viliisha kabla sijakuzaa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungeolewa?"

Akachomoa uzi wa gunia, akalifunga lile dole mara saba, akakaza fundo kwa meno. "Usilegeze ukilala," akamwambia. "Hata ukicheka usilegeze."

Ijumaa uzio wa mabati ulikuwa umesimama. Mumewe mwenyewe alisaidia kuhamisha viriba hadi nyuma ya nyumba, kwa uangalifu, huku akisema miche haina kosa. Wateja waliendelea kuja. Mama Miche aliwahudumia kwa mkono mmoja, na kwa mara ya kwanza akaangalia mikono ya waliokuwa wananunua. Wanawake walipokea miche kwa mkono wa kulia. Wa kushoto walikuwa wameufumbata. Wapo waliofunga kitambaa, wapo waliofunga waya. Mmoja, mke wa fundi bomba, kucha zilikuwa zimeshaota ndani ya kiganja. Hakuna aliyeligusia. Waliongea habari za mvua na funza wa kabichi, wakaaga, wakaenda.

Jumapili baada ya chakula mumewe alijifuta mdomo, akamtazama kwa upole wake wote.

"Kesho nina safari ya mjini, mama. Wewe mchana ujilaze kidogo. Naona umechoka."

"Sawa, mzee," Mama Miche akasema.

Chini ya meza dole likapapatika ndani ya uzi, kama kitu kilichosikia kinaitwa. Akalibana mpaka ngumi ikafa ganzi, na kwa mkono mwingine akammiminia mumewe maji ya kunawa.