Ukuta wa Shangazi

Siku ya sikukuu ofisi zilifungwa, Mtaalamu akamwomba dereva wake wazunguke mjini. Mtaalamu alikuwa mgeni, ameletwa na mradi wa mabomba ya maji kwa mkataba wa miaka miwili, na raha yake ilikuwa kupiga picha maandishi ya ukutani. Kwa kinyozi alipiga TUNANYOA HATA WENYE HASIRA. Uchochoroni akapiga HAPA SI CHOO NA WEWE UNAJUA. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Kila alipopiga, maandishi yalitoka ukutani yakaingia kwenye simu. Watu walishazoea. Kinyozi alichukua brashi akaandika upya, akinung'unika tu kwamba rangi haiokotwi barabarani.

Dereva naye, sijui siku hiyo akili aliiacha wapi, akapitia kumjulia hali shangazi yake. Alimwacha Mtaalamu garini. Dakika mbili tu, alimwambia.

Shangazi alikuwa mjane. Kwenye ukuta wa mbele marehemu mumewe aliandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Kwa miaka sita shemeji yake Shangazi alikuwa akileta wanunuzi, hati za kughushi mkononi, na kila wakifika pale miguu iligoma, wakageuka kwenda zao.

"Nani huyo anacheka nje?" Shangazi akauliza.

Dereva alitoka mbio. Ukuta ulikuwa mweupe pee.

"Kwetu tunaandika zile zinazouzwa!" Mtaalamu alisema, akijifuta machozi ya kicheko.

"Mwanangu, nirudishie maneno yangu," Shangazi akamwambia.

Mtaalamu alibandika simu ukutani, akaibonyeza, akaitikisa. Wapi! Aliomba samahani, na samahani yenyewe ilitoka moyoni.

Dereva akahangaika kutafuta rangi. Maduka yote yamefungwa, sikukuu. Kopo la kinyozi lilikuwa limeishia kwenye herufi ya mwisho.

"Ungewahi kidogo tu, ndugu yangu," kinyozi akasema.

Aliporudi, shemeji alishaingia na mnunuzi anapima madirisha. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, na kitanda kilikuwa nje. Dereva aliona uchungu. Kisha, kwa kuwa kabati lilikuwa limekwama mlangoni na litavunjika, akashika upande mmoja akasaidia kulitoa.

Ofisi zilipofunguliwa, Shangazi alikwenda kushtaki; karani wa ardhi aliuliza kama siku ile ukuta ulikuwa na maandishi. Haukuwa nayo. Akafunga faili.

Mtaalamu, muungwana wa watu, aliisafisha ile picha, akaitia fremu, akampelekea Shangazi kwenye chumba alichopanga. Imetundikwa juu ya kitanda. Sasa mwenye nyumba analalamika: anataka kuuza, lakini wanunuzi wakifika mlangoni miguu inagoma.

"Vumilia, baba," Shangazi humwambia.

Nyumba yake mwenyewe imeshauzwa mara mbili.