Kiti Kipana, Keria Imara

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, Kalamu alikuwa dukani akibonyeza viti vya baiskeli kwa kiganja, kimoja baada ya kingine, kama anayechagua maparachichi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mawili mabovu, na karatasi ya daktari iliyosema atembee au aendeshe baiskeli nusu saa kila siku, taratibu. Kutembea alikuwa hataki hata kusikia. Alisimama kwenye geti la kiwanda cha magodoro miaka thelathini na moja, na alisema amesimama vya kutosha. Kama ni lazima aende mahali, basi ataenda akiwa amekaa.

Jina la Kalamu alipewa na wafanyakazi wa kiwandani, kwa sababu ya peni ya bluu iliyokuwa haibanduki nyuma ya sikio lake. Hata sasa, mstaafu asiye na cha kuandika, alikuwa nayo. Alikuja dukani na mdogo wake wa kike, fundi wa kushona mapazia, ambaye alijua kupima kitu kwa jicho na hakuwa mtu wa kudanganywa na rangi. Siku hizi walikuwa wakiishi nyumba moja. Mdogo mtu alikuwa amebeba mkoba mweusi wa zipu, na ndani ya mkoba mlikuwa na fomu moja.

Muuzaji alikuwa mtu wa maelezo. Aliwaondoa upesi kwenye baiskeli za mashindano, akisema zile zinamkunja mtu kama anayetafuta sindano sakafuni. Akawapeleka nyuma ya duka, kwenye baiskeli za starehe. Akawaonyesha usukani mpana unaomfuata mwendeshaji mikononi, ili mgongo ukae wima. Akawaonyesha kiti kipana chenye springi mbili, matairi manene yasiyojali mashimo, na fremu iliyoshuka katikati ili mtu asirushe mguu hewani mbele za watu. Breki ilikuwa kwenye pedali: unasukuma nyuma kidogo, inasimama. Mnyororo ulifunikwa ili usile suruali.

"Hii ni ya mtu mzima," alisema. "Haina haraka na mtu."

Kalamu akakaa. Baiskeli ikadidimia, na tairi la nyuma likalala sakafuni. Kwenye keria alikuwa amekaa shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyekufa miaka tisa iliyopita. Alikaa upande, miguu imening'inia, amevaa ovaroli ya kahawia, na nywele zake zilikuwa na punje za sponji.

"Habari za siku nyingi, shemeji," alisema.

Kalamu akajibu kwamba ni nzuri. Mdogo wake akamtazama mumewe kutoka kichwani hadi viatuni, akamwambia amekonda. Mumewe akakubali kwamba ni kweli, amekonda. Muuzaji aliinama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Kumbe mko wawili," alisema. "Mngesema mapema, nisingewapotezea muda na hii."

Wakajaribu nyingine. Ya pili haikuwa na keria, kwa hiyo shemeji akakaa kwenye usukani, na Kalamu hakuweza kuona mbele ila mgongo wa ovaroli. Ya tatu ilikuwa na kikapu, shemeji akajikunja humo na kikapu kikachanika. Muuzaji, ambaye hakupenda kuona mali yake ikiharibika, akasema sasa ameelewa hali ilivyo. Akatoa ya nne, ya kijani kibichi, spoku nene, kiti kile kile kipana, na keria ya chuma iliyoungwa kwenye fremu. Alisema keria hiyo inabeba mtu mzima yeyote, awe na hali gani. Shemeji akakaa, na tairi halikulala sana.

Inabidi kieleweke kitabu cha geti la kiwanda kilivyokuwa. Kila mfanyakazi alitakiwa kuandikiwa saa ya kuingia na saa ya kutoka. Watu walikuwa mia mbili na kumi, geti moja, kitabu kimoja, na jioni foleni ilifika mpaka kwenye matangi ya gundi. Watu walikosa magari, watoto walilala bila kuwaona. Kalamu ndiye aliyepata dawa. Kila siku saa nane mchana, watu wakiwa kazini na geti limetulia, alijaza saa ya kutoka ya kila mtu: saa kumi na moja jioni, mara mia mbili na kumi, kwa mwandiko wa kupendeza. Kengele ikilia anafungua geti, watu wanamiminika. Walimpenda kwa hilo mpaka wake zao wakawa wanamtumia salamu. Wakubwa walijua, wakajitia hamnazo, maana kitabu kilikuwa safi kuliko cha kiwanda chochote.

Halafu ikaja Alhamisi moja, watu saba wa chumba cha kukatia sponji, shemeji akiwa mmoja wao, wakabakizwa kumalizia magodoro ya haraka. Saa kumi na moja shemeji alitoka hadi getini na ovaroli yake, akamwambia Kalamu amfikishie mkewe kwamba leo atachelewa, asimsubiri kula. Kalamu alipokwenda zake alipitia kwa mdogo wake na kuufikisha ujumbe, neno kwa neno. Saa kumi na mbili na nusu chumba cha kukatia kilishika moto. Sponji haiungui kama mbao. Inayeyuka, inadondoka kama mvua. Kesho yake kilichobaki kilizolewa kwa koleo, na hakuna aliyeweza kusema kipi ni nini.

Wachunguzi walikuja na kuomba kitabu. Kitabu kilikuwa salama kwenye kibanda cha geti, na kilisema wote saba walitoka saa kumi na moja. Kalamu akaulizwa kama kitabu ni sahihi. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu, na alijua akifungua mdomo unga wake umemwagika.

"Kitabu ni sahihi," alisema.

Kwa hiyo wale saba hawakufa. Waliandikwa kuwa ni watu walioondoka wasirudi kazini, na baada ya wiki mbili kiwanda kilituma barua za onyo kwa utoro, moja kila nyumba. Mtaani ikasemwa kwamba mume wa fundi mapazia amekimbilia kwa mwanamke mwingine. Mdogo wake Kalamu hakuwa mke, na mjane hakuwa. Hakukaliwa msiba. Kwenye ofisi ya vizazi na vifo alipewa fomu ya cheti cha kifo yenye nafasi moja ngumu: jina na saini ya mtu aliyemwona marehemu kwa mara ya mwisho mahali alipofia. Mtu huyo walikuwa wakinywa naye chai kila asubuhi. Fomu ilikaa kwenye mkoba miaka tisa, akaibadilisha mara mbili ilipochanika kwenye mikunjo. Hakugombana na kaka yake. Alikuwa na hasira ya kutosha kuezua paa, lakini kila siku aliamka, akampikia, akasubiri.

Sasa, hapo dukani, alifungua zipu akaitandaza fomu juu ya meza ya muuzaji, katikati ya pampu na makopo ya grisi.

"Kaka, saini basi," alisema. "Mwenyewe huyu hapa, umembeba mgongoni."

Kalamu alikuwa bado amekaa kwenye baiskeli ya kijani. Akapapasa mpira wa usukani.

"Nikisaini wataniuliza kile kitabu aliandika nani."

"Uliandika wewe."

"Ndiyo hivyo."

Shemeji alikuwa akitoa punje za sponji kwenye mkono wa ovaroli, moja moja, akizidondosha sakafuni, na muuzaji alikuwa akizitazama tu kwa sababu alikuwa ametoka kufagia. Kalamu akasema kwanza aijaribu baiskeli barabarani. Akirudi wataongea.

"Ukirudi," alisema mdogo wake. Maneno hayo alikuwa ameyasikia miaka tisa. Hakuiondoa fomu mezani.

Muuzaji alikuwa na daftari la wanaojaribu baiskeli: jina, rangi ya baiskeli, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Kalamu alipoliona uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akachomoa peni sikioni, akaandika jina lake, akaandika kijani, akaandika kutoka saa nne na nusu, akaandika kurudi saa tano kamili.

"Ya kurudi unajaza ukirudi, mzee," muuzaji alimwambia.

Kalamu akamweleza kwamba hivi ndivyo inavyopunguza usumbufu. Muuzaji akautazama mwandiko, ambao kwa kweli ulilipendezesha daftari lake, akauacha kama ulivyo.

Wakatoka. Mdogo mtu alisimama mlangoni akawaona wakienda, migongo miwili, mmoja wima na mmoja wa upande. Shemeji alikuwa ameshikilia springi za kiti. Baiskeli haikuyumba. Kalamu alinyanyua kidevu kama mtu anayepata upepo, na mdogo wake akaona kwamba kaka yake anafurahi, anafurahi kweli, na jambo hilo lilimuuma kuliko mengine yote. Walikata kona kwenye duka la vioo, wakapotea.

Saa tano kamili baiskeli ilikuwa mahali pake, imesimama kwenye stendi yake. Hakuna aliyeiona ikiingia. Matairi yalikuwa ya moto, na springi za kiti zilikuwa zimebonyea mpaka mwisho, hazikuinuka. Kalamu hakuwepo. Mdogo wake alisubiri mpaka saa saba. Muuzaji alimpa kiti, akamwambia asiwe na wasiwasi, maana kwa daftari mzee amerudi, tena kwa wakati. Labda ametokea mlango wa nyuma. Duka halikuwa na mlango wa nyuma, lakini hilo hakuliandika popote.

Kwenye kituo cha polisi mdogo mtu alieleza kila kitu kama kilivyokuwa. Alisema kaka yake hujaza saa ya kurudi kabla ya kutoka, ndiyo tabia yake, na watu mia mbili na kumi wanaweza kushuhudia, ukiondoa saba. Askari alikuwa mpole. Alikwenda dukani mwenyewe, akalisoma daftari, akanakili saa.

"Mama, mtu aliyerudi hatafutwi," alimwambia.

Baiskeli ya kijani haikupata mnunuzi. Kila aliyeijaribu alisema ni nzito kama imebeba mifuko ya saruji. Baada ya mwezi muuzaji alimwita mdogo wake Kalamu aje aiondoe, inamharibia nafasi. Akaja, akakaa. Ilikuwa nzito, lakini ilikwenda. Alipogeuza shingo aliwakuta wote wawili kwenye keria, mumewe amesogea kumpa nafasi kaka yake, wamepeana migongo.

Na Kalamu sasa alisema. Marehemu hana unga wa kumwagika. Alisema kabla ya kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyebanwa muda mrefu: kwamba wale saba waliungua, kwamba saa aliandika yeye mchana, kwamba shemeji yake alimwagiza ujumbe. Njiani alimwambia muuza magazeti. Alimwambia mlinzi mpya wa geti la kiwanda, aliyekuwa kijana mstaarabu na aliyesikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye kibanda chake kuendelea kujaza kitabu, maana ilikuwa saa nane.

Wakaenda ofisi ya vizazi na vifo. Mdogo mtu aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ndani, na karani, mwanamke mwenye miwani ya kamba, aliwasikiliza wote. Kalamu alijaza nafasi ya shahidi. Karani alisifu mwandiko.

"Tatizo ni kwamba shahidi lazima awe hai," alisema. "Huyu ni marehemu."

"Basi mwandikie cheti na yeye," alisema mdogo mtu.

Karani akapekua faili lililoletwa na polisi, akasoma, akavua miwani. Alisema hawezi kumwandikia cheti mtu aliyerudi saa tano kamili.

"Kama amerudi, saini yake si inatosha?"

"Inatosha. Aje mwenyewe akiwa hai, na kitambulisho."

Kalamu alianza kueleza tena tangu mwanzo. Karani alimwacha aeleze, akafunga faili, akafungua droo. Saini ya Kalamu aliifuta kwa dawa nyeupe, taratibu, asije akaichana karatasi, akamrudishia mwenye fomu. Kisha akampa fomu ya pili, ya kaka yake, yenye nafasi ile ile: mtu aliyemwona kwa mara ya mwisho. Mdogo mtu alikumbuka kwamba aliyemwona ni yeye na muuzaji, na muuzaji alikuwa na daftari lake. Neno lake yeye lilikuwa limeshasikika polisi. Akazikunja fomu mbili, akazitia mkobani, akafunga zipu.

Jioni, akimaliza mapazia, huendesha nusu saa, taratibu, kama daktari alivyoandika. Mgongo unakaa wima. Kiti ni kipana kweli, hapo kaka yake hakukosea kuchagua. Nyuma yake Kalamu anaeleza yote, Alhamisi ile, saa nane, saa kumi na moja, ujumbe neno kwa neno, na mumewe anatoa sponji kwenye mikono ya ovaroli. Majirani wanasimama kuwapisha. Wanaitikia salamu za wote watatu, na baiskeli ikishapita wanaambiana kwamba yule ndiye aliyekimbiwa na mume, na sasa hata kaka yake amemkimbia.