Mdomo wa Mpishi wa Namatala

Zulaika alikuwa akitoa mawe kwenye maharage ya watoto wa mtaa wa Namatala waliokumbwa na mafuriko, mwenyekiti wa kamati ya chakula, Hajji Wahab, alipoingia jikoni na mdomo wa kipepeo. Ulikuwa mrija mrefu uliojikunja chini ya pua. Alitoa salamu, akaukunjua mpaka ndani ya ndoo ya maziwa.

"Hajji, nikuletee kikombe?"

"Acha tu, mama. Nafika."

Mweka hazina, Topista, alikuja na taya za nzige, zile zinazofunguka kushoto na kulia. Alimaliza gunia la maharage, akaacha mawe. Swaib wa stoo alikuwa na mdomo wa nzi. Aliitemea sukari mate hadi ikayeyuka, kisha akaifyonza kwa kitu mfano wa sponji ya kuoshea vyombo. Zulaika alichukizwa na mate hayo. Jiko ni jiko.

Watoto walipanga foleni, sahani zikarudi safi kama zilivyokuja. Roho ilimuuma Zulaika, akawapigia simu wafadhili walioko Jinja.

Ijumaa akaja mkaguzi waliyemtuma, Afande Rajab, leso imemfunika mdomo. Akakagua vinywa.

"Mrija hautafuni maharage. Hajji, kaa. Taya hizi hazinyonyi maziwa. Mama Topista, kaa. Sponji haiumi kitu. Swaib, kaa." Akamgeukia mpishi. "Wewe, fungua."

Akampa soda anyonye, karanga atafune, sukari alambe. Zulaika alifanya vyote vizuri, kwa kuwa alikuwa na njaa tangu asubuhi.

"Iliyopotea ni maharage, maziwa na sukari," alisema mkaguzi. "Mdomo huu peke yake unaweza yote."

"Afande, mimi naonja chumvi tu."

"Ndiyo hiyo. Unaonja."

Kamati ikapiga makofi. Mkaguzi akafungua leso anywe chai. Alikuwa na mdomo wa nyuki, taya za kutafunia na ulimi wa kulambia, vyote pamoja. Topista akamsogezea asali.

Zulaika hakufukuzwa, maana nani mwingine angepika? Jumatatu ililetwa shehena mpya, na tangu hapo anapika akiwa amefungwa kitambaa mdomoni kwa amri ya kamati. Haonji. Siku nyingine chumvi inazidi, siku nyingine haipo kabisa, lakini hakuna mtoto aliyewahi kulalamika, kwa sababu chakula chenyewe hakijawafikia.