Shamba Nambari 217.b

Kitendawili. Naitwa kwa jina langu, nimelala palepale, na anayeniita anasema sipo. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Sagana, nimekula samaki wake, sasa sikiza.

Ni shamba la Bi Wachuka, nambari 217.b, nje kidogo ya Karatina. Mwaka wa tisini na tisa Kingori, kaka yake Wachuka na mwenyekiti wa kampuni ya mashamba, alimwita Othmani wa Majengo awatengenezee ukurasa wa mtandao wenye ramani. Othmani aliandika amri kwenye kompyuta: kila shamba liitwe kwa nambari yake, lipakwe kijani. Kulikuwa na ukame. Asubuhi mashamba yaliamka kijani, hata penye mawe. La Wachuka liliamka jeupe kama karatasi: udongo, nduma, mibuni. Kuku aliyekatiza humo alitokea mweupe, akaliwa Jumapili. Kiwandani walikataa kahawa yake, wakamwambia arudi ikiwa na rangi.

Wachuka alienda ofisini na gambuti zake. Othmani alimweleza kwamba mashine ikifika kwenye nukta hudhani jina limeisha. Inatafuta shamba 217 la aina ya b, inakosa, inapita. Dawa ni kimstari kimoja kilichoegemea nyuma, kiwekwe mbele ya nukta, ndipo mashine ijue nukta ni sehemu ya jina. Alikuwa ameshainua kidole Kingori alipoweka kofia yake juu ya vibonye.

“Wacha kwanza, bwana. Mkutano haujasema.”

Wachuka alitazama ramani. Penye weupe, kila nambari ikiwa na nukta, palikuwa pa Karwitha, pa Kagwiria, pa kila binti aliyerudi kwao au asiyeolewa. Ndugu zao wa kiume wote walikuwa kijani.

“Kingori, hii nukta ni nani aliweka? Na mbona nyinyi wanaume hamna?”

Kingori alisema chai inapoa.

Mkutano ulikaa, wanaume watupu, ukaamua kwamba shamba jeupe ni shamba lisilo na mtu. Ati hata kompyuta imeshuhudia. Kingori alikuja na nguzo za kulizungushia ua shamba la Wachuka. Kila aliyoichimbia iligeuka nyeupe, naye akaenda kwa ijayo. Wachuka alisimama ndani ya shimo lililofuata, jembe mkononi, akamwuliza tena lile swali la ofisini.

Kingori alijifuta jasho.

“Ni mimi na baba. Tulitaka siku ya kuwatoa nyinyi mabinti tusisumbuke kuwatafuta.”