Gramu Elfu Moja na Mia Mbili

Mizani ile muuguzi aliinunua mwenyewe, ndogo ya jikoni, akaiweka pembeni katika chumba cha upasuaji. Kila kitambaa kilicholowa damu alikipima, akatoa uzito wa kitambaa kikavu, akaandika ubaoni. Gramu moja ya damu ni kama mililita moja. Hesabu ya mtoto wa shule. Wauguzi wenzake walimbandika jina, Mama Mizani, na daktari hakuchoka kumtania: "Leo unga kilo ngapi?" Naye alicheka nao, maana ukinuna ndipo wanapozidi kukutania.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, aliletwa fundi cherehani ajifungue kwa upasuaji, mimba ya kwanza, uchungu umemtesa tangu jana yake. Aliganzishwa kuanzia kiunoni kwenda chini, akili timamu. "Sista, ana nywele?" aliuliza mtoto alipolia.

"Anazo za kusuka."

Fundi akacheka. Dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ilikwisha kuchomwa, lakini damu haikukata.

"Daktari, damu imefika mililita mia nane," muuguzi alisema.

"Umepima na maji ya uzazi hayo. Kwa jicho langu haizidi mia tano."

"Maji nimeyatenga, yamo kwenye chupa ya mashine ya kufyonza."

Daktari akaendelea kushona. Vitambaa vikazidi kuja, vizito.

"Elfu moja na mia mbili, Daktari. Nilete dawa ya pili? Niagize damu?"

"Sista, niache nifanye kazi."

Akanyamaza. Miaka kumi na tisa alikuwa amezoeshwa kunyamaza, na mazoea yalimshika ulimi kwa dakika kumi na moja nzima. Aliziona zikipita kwenye saa ya ukutani.

Kisha fundi akasema anasikia baridi, midomo imempauka. Hapo ndipo wote wakaanza kukimbia. Dawa zikachomwa moja baada ya nyingine, damu ikaletwa, mfuko wa uzazi ukatolewa. Saa saba mchana wakamfunika.

Kwenye faili iliandikwa kuwa damu ya akiba ilikosekana.

Kesho yake dada wa marehemu alikuja kumchukua mtoto. Alimkuta muuguzi kwenye korido.

"Wanasema damu haikuwepo. Ni kweli?"

Muuguzi alitazama kule na huku. "Ilikuwepo, mdogo wangu. Tulichelewa kuiagiza. Niliona namba, nikasema mara mbili, nikanyamaza. Nilitakiwa nipige kelele."

Dada hakulia. Alimhamishia mtoto bega la pili. "Niandikie hayo uliyosema."

Muuguzi akaandika, akatia sahihi.

Kwa karatasi ile, tume ya uchunguzi ikaja, ikakaa, ikaondoka. Daktari alipewa onyo. Muuguzi alihamishiwa chumba cha kufungia vidonda, "kwa mahitaji ya kazi." Hospitali ikanunua mizani kubwa ya kisasa, na miezi minane baadaye picha ya daktari yuleyule ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: anafundisha wenzake wa hospitali nyingine kupima damu badala ya kuikadiria kwa jicho. Chini yake iliandikwa kwamba tangu utaratibu huo uanze, hakuna mzazi hata mmoja aliyefariki kwa kutokwa na damu.

Muuguzi aliisoma mara mbili, trei ya bandeji mkononi. Alifurahi, hakika alifurahi, kisha akaitafuta pichani mizani yake ndogo, haikuwamo. Ndani ya chumba cha vidonda, mzee mwenye kidonda cha mguu alikuwa akimwita.

"Nakuja, baba," akasema.