Sauti Yangu Siku ya Nikola

Jumatatu Nebojša, meneja wetu wa mauzo, alitutangazia kwamba Msaidizi, programu yetu ya kompyuta, atawapigia wateja wangu wote tarehe kumi na tisa Desemba.

"Siku ya Mtakatifu Nikola?" nikamuuliza.

"Hiyo hiyo, Ljupka. Msaidizi amechambua simu za miaka mitano. Siku hiyo watu wanapokea simu kuliko siku nyingine yoyote."

"Wanapokea kwa sababu wanapongezwa, wewe! Nusu ya nchi inaadhimisha siku ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, nusu nyingine imekwenda kula kwao. Wewe mwenyewe si unakwenda ukweni?"

"Nakwenda. Ndiyo maana anapiga yeye." Akafunga kompyuta. "Akiuza matangi matano, wateja wako thelathini na wanane ni wake. Wewe utahamia ghalani."

Miaka kumi na sita nimeuza matangi ya kupozea maziwa katika vijiji vya mkoa wa Mačva, na watoto watatu nimewalea kwa kazi hiyo. Ghalani sihamii. Na sina ugomvi na Msaidizi. Ni programu ya akili mnemba, inaandaa bei na mikataba haraka kuliko mimi, na haisahau tarehe ya matengenezo. Lakini adabu haina.

Siku ilipofika nilivaa koti zuri, nikachukua chupa ya divai, nikaenda kwa Mzee Dobrivoje, mteja wangu mwenye ng'ombe sitini, ambaye ukoo wake humwadhimisha Nikola. Hakunialika. Siku hiyo haalikwi mtu. Anayekumbuka ndiye anayekuja. Nikala kijiko changu cha ngano tamu ya kuchemsha, anayopewa kila mgeni akiingia, nikaketishwa. Kwa kuwa ni mfungo wa kabla ya Krismasi, nyumba nzima ya mfugaji haikuwa na jibini mezani, ila samaki na maharage. Mzee hakukaa, kwani siku hiyo mwenye nyumba husimama kuwahudumia wageni. Alizunguka na rakija, pombe kali ya matunda, akitujazia glasi.

Simu yake ikalia. Mikono yake imejaa, akamwambia mkamwana wake aipokee kwa spika.

"Habari za mchana, Mzee Dobrivoje! Ni mimi, Ljupka. Vipi, umeshaamua kuhusu lile tangi la lita elfu mbili?"

Sauti yangu. Hata kile kicheko changu kidogo cha mwishoni. Hakuna aliyeniomba ruhusa ya kuiiga. Meza nzima ikanigeukia, nami nina mwiba wa samaki mdomoni.

"Ljupka," Mzee akasema polepole, "kwani mko wangapi?"

"Mmoja, Mzee. Huyu anayekula."

"Bora yule wa kwenye simu," shangazi yake akadakia, "angalau haongei huku anatafuna."

Wakacheka wote isipokuwa Mzee. "Miaka yote hii nilijua ukinipigia ni wewe," akasema.

Hilo liliniuma kuliko ghala. Nikampigia Nebojša pale pale mezani, kwa spika.

"Mzime Msaidizi. Sasa hivi."

"Ljupka, niko mezani. Tutaongea Jumatatu."

"Najua uko mezani. Mama mkwe yupo hapo? Mpe simu nimpongeze, halafu nimweleze mkwe wake anavyowauzia watu matangi siku ya leo, tena kwa sauti ya wizi."

Tukasikia vijiko vya kwao vikigonga sahani.

"Namzima," akanong'ona.

"Na sauti yangu unaifuta."

"Hilo mpaka mkurugenzi..."

"Mama mkwe anaitwa nani?"

"Nafuta! Nafuta."

Shangazi akanijazia glasi kwa mkono wake. Tangi hatukulitaja tena. Getini Mzee akaniambia, "Njoo Alhamisi na futi ya kupimia. Uje wewe."

Jumatatu nilikuta wateja kumi na mmoja wamepigiwa, tisa wamelalamika, na hakuna tangi lililouzwa. Nebojša akaniomba niwapigie niwatulize.

"Kwanza nione kama sauti imefutwa."

Akanionyesha. Nikamwekea karatasi mezani, yenye tarehe za watakatifu wa koo za wateja wote thelathini na wanane. Hakuna kompyuta iliyokuwa nazo. Zilikuwa kichwani mwangu.

"Mpe Msaidizi. Anikumbushe wiki moja kabla, aniandalie bei na karatasi zote. Siku yenyewe anyamaze. Kuongea na wateja ni kazi yangu."

Akaisoma karatasi juu hadi chini, pande zote mbili.

"Na ghala?" nikamuuliza.

"Ghala gani?"

Nikavuta simu, nikaanza na yule aliyekasirika kuliko wote.