Kaseti Safi ya Machogu

Kila Alhamisi, baada ya kupeleka majani ya chai kituoni Nyacheki, Esnah aliosha miguu, akavaa viatu, akaenda Kisii mjini kumwona marehemu mumewe, Machogu. Hakuwa na mambo mengi. Mzee Harish wa duka la redio alikuwa akiweka santuri tu, sindano ikakwaruza, naye Machogu akatoka na obokano yake, kinubi kikubwa cha nyuzi nane, koti likidondosha mvua ya mwaka 1968. Alinuka ugoro. Alikohoa, akaimba ubeti, kisha akageukia mlango na kungoja aitikiwe.

Mwitikiaji alikuwa Esnah. Siku ile ya kurekodi baba mkwe wake alikuwa ameketi ndani, na mke wa mwana hajipeleki mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo aliitikia akiwa nje, nyuma ya mlango, chini ya mabati. Kwenye santuri sauti yake ilitoka kwa mbali, pamoja na mvua.

Sasa Harish alikuwa amechoka na duka limekuwa la mwanawe Vikram, mtu wa kupenda vinavyong'aa. Vikram aliipeleka santuri Nairobi, ikasafishwa kwa kompyuta, zikatoka kaseti. Santuri yenyewe ilipashwa moto, ikakunjwa, ikawa chungu cha maua dirishani.

"Karibu, Mama Nyakundi," Vikram alimwambia Esnah alipokuja tena. "Sikia vile imekuwa safi."

Machogu alitoka mkavu, shingo imepakwa mafuta. Hakunuka kitu. Nyuzi zililia laini, laini hadi kutia kinyaa, kama uji wa mgonjwa uliochujwa mara mbili. Hakukohoa. Beti zilifuatana bila pumzi, na mlangoni hakutazama kabisa. Wateja walisema mzee amependeza.

"Kuna mtu alikuwa anaitikia," Esnah alisema.

"Ile kelele ya nje? Walitoa yote, mama. Mvua, jogoo, yote."

"Hiyo kelele ni mimi."

Vikram alimpa pole na kiberiti cha bure. Esnah alitoka, akatema mate mtaroni, akarudi kwake.

Kaseti ziliuzika. Huko Masimba, Machogu aliimba katika bucha, na inzi hawakumgusa. Mjini Nyamira aliimba maofisini, katika vyumba vitatu kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeona ajabu. Watu walilalamika tu kwamba hali chakula.

Nyakundi, kifungua mimba wa Esnah, alinunua moja akamletea mama yake zawadi. Jioni akaiweka. Machogu alitoka katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, akasifu kuta zake, akauliza fundi alikuwa nani. Esnah alimletea chai. Aliitazama, hakuinywa.

"Asante, mong'ina," alisema, vile mwanamume anavyomwita mama mzee asiyemjua. "Uliolewa wapi?"

"Hapa."

"Watu wazuri," Machogu alisema, akaanza kupiga.

Esnah alisubiri ubeti wa kwanza uishe. Kisha aliitikia, kwa sauti yote aliyobaki nayo, akiwa amesimama mbele yake, uso kwa uso. Machogu aliendelea kuimba, akiifunika sauti ile.

"Mama," Nyakundi alisema kwa upole, "nyamaza kidogo. Tumsikie baba."